Kiti cha Kati

Nyumbani kwetu Jadida, Wete,
muziki ulikuwa na kiti kimoja.
Cha mbao, kimesukwa ukindu, kimekaa
katikati ya spika mbili kama kadhi,
na aliyekikalia ni baba.
Kwake mwimbaji alisimama hewani,
juu kidogo ya kitambaa cha televisheni,
fidla kushotoni, ganuni kuliani,
kila chombo na pahala pake.

Sisi wengine tulipata makombo.
Mama, mkekani, ubavuni mwa mlango wa ua,
jicho moja kwenye sufuria,
alipata spika ya kushoto na basi.
Miaka kumi na tisa ya kanda ile ile,
karatasi yake imeshaliwa na mende,
mama aliijua kwa fidla tu.
Ukimtajia ganuni, atasema: "Ganuni ya wapi?"
Na shemeji Shaame, dirishani,
aliapa kwamba fidla haimo.
Waligombana siku ya Idi, sahani mkononi,
na wote wawili walikuwa wakweli.

Mie ni fundi. Nimechomea risasi
redio za watu kutoka Konde hadi Mtambwe,
na kwetu sijagusa hata skrubu.
Mganga hajigangi.

Jumamosi baba kaenda mazikoni Ole.
Nikaazima kipimapembe cha Zuwena, darasa la sita,
uzi wa cherehani, na chaki.
Spika zilikuwa zimeangalia mbele, sambamba,
kama askari wawili wa gwaride wasiojuana.
Nikazigeuza shingo ndani, ndani zaidi,
digrii thelathini, arubaini, hadi
nyuzi zikakatana mbele ya kiti, si nyuma yake,
palepale baba awekapo kikombe.

Maana sikio lina uvivu wake:
humwamini anayefika kwanza.
Wa jirani ukimwacha akusemeze usoni,
wa mbali hata akilia hasikiki.
Basi wa karibu nikamgeuza bega,
na wa mbali nikampa uso mzima,
amtazame machoni yule aliyekaa mbali naye.
Anachochelewa kwa hatua
akilipe kwa nguvu.
Hii si haki ya mizani. Ni haki ya sinia:
aliyekaa mbali husukumiwa mnofu.

Nikatia kanda. Mama anakuna nazi.
Mbuzi akanyamaza.
"Nani huyo?"
Nani, mama?
"Huyo anayedonadona kama kuku juu ya bati."
Ganuni, nikamwambia.

Akakaa kimya, vidole vimejaa machicha,
kisha akainuka, akapita mbele ya spika
kutoka mkekani hadi dirishani,
polepole, kama aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni,
na mwimbaji hakumfuata, hakukimbilia ukutani.
Alitikisika kidogo tu,
kama pazia mlango ukifunguliwa,
akabaki.

Baba alirudi magharibi, vumbi la makaburini miguuni.
Akakaa. Akasikiliza.
Akasogeza kiti huku, akasogeza kule,
akitafuta mahali patakapomkataa.
"Kiti changu mmekifanyaje?"
Hakuna aliyemjibu.
Ni kweli kapunjika: mwimbaji wake wa zamani,
mwembamba kama sindano ya kutilia kofia,
sasa kanenepa, ana mabega.
Na kona ya kabati bado ni kiziwi,
Zuwena akikaa pale husikia besi tupu.
Sina digrii ya kumfikisha huko.

Lakini kila asubuhi mama akipiga deki
hulizungusha tambara pembeni mwa alama za chaki,
nne, mbili kwa kila spika,
na baba, akidhani hatumwoni,
huzikagua kwa kidole cha mguu.